Padi ya Bluetooth inakatika mechi ikikolea

Kijana_Likoni: Wadau salama? Nina padi ya kuchezea gemu isiyo na waya naiunga na kompyuta ya nyumbani kwa kile ki-USB cha Bluetooth, inashika vizuri lakini mechi ikikolea inachelewa, nabonyeza shuti mchezaji kasimama tu, na chaji imejaa. Shida nini?

Yakhe_Kibokoni: Ki-USB umekichomeka wapi? Kama ni nyuma ya CPU ubavuni mwa hadi diski ya USB 3.0 basi ndo hapo, hizo 3.0 zinatoa makelele kwenye masafa ya redio ya 2.4GHz na Bluetooth inapita huko huko. Tafuta ekstensheni ya USB ukilete mbele kiione padi, na waifai ihamishe 5GHz kama rauta inakubali.

BiMajengo: Angalia Windows pia, huizima Bluetooth eti yaokoa umeme. Device Manager, Bluetooth, Power Management, toa ile tiki. Wanangu walikuwa wanipigia kelele kila magharibi mpaka nilipoitoa.

Kijana_Likoni: Wallahi kimebanana na diski. Shukran yakhe, nawe bi mkubwa, stima ikirudi najaribu ekstensheni kwanza.