MREJESHO: Mkazo wa "corporis"

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini wanakwaya wanaimba "cor-PO-ris" kwenye Pange lingua, wimbo wa Kanisa wa Kilatini ("corporis" ni "ya mwili", kutoka corpus, "mwili"), na namna ya kuwarekebisha.

Kilichofaa ni kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho: "po" iko wazi (inaishia na irabu) na irabu yake ni fupi, basi mkazo hurudi nyuma, COR-po-ris. Kiswahili chetu ndicho kinachovuta mkazo kwenye "po". Kupigia mstari "cor" kwenye nakala kumesaidia. Corpori, corpore na corpora, maumbo mengine ya neno hilo, nazo zimenyooka.

Corporibus, umbo jingine la neno hilo, bado inasumbua. Silabi imeongezeka, mkazo umehamia cor-PO-ri-bus, wao wanakazia "ri". Pia wachache wanamalizia corpus kwa irabu, "korpusi". S ya mwisho ibaki peke yake.

Aliyenikumbusha kuwa corpus haibadiliki ikiwa yambwa (inayotendwa katika sentensi), ubarikiwe.