Pikipiki ya binamu imefeli inspekshen Ujerumani juu ya sailensa, ni ukweli ama tunapigwa?

Naks_wa_58

Wakuu habari za jioni. Hii ni ya wale wako majuu ama wana mtu huko. Mtoto wa shangazi yangu alienda Ujerumani mwaka jana kusomea unesi, tulimchangia hapa Njoro mpaka mbuzi zikauzwa na sijalalamika. Sasa juzi kwa grupu ya familia akaleta stori ati amenunua pikipiki, Suzuki GS500 ya 1998, ya kumpeleka shifti ya usiku juu mabasi ya huko kwao huisha mapema, na ati imepelekwa inspekshen ikafeli. Kufeli yenyewe si breki si taa, ni sailensa na moshi. Anataka elfu 60 anunue sailensa mpya "yenye namba". Shangazi ameniambia nichunguze kwanza kabla mtu atume kitu.

Swali langu ni rahisi. Pikipiki inawaka mara moja, inatembea, ametuma video inanguruma kama simba. Mimi nimepanda nduthi miaka tisa na sijawahi ona ya mtu ikizuiwa barabara juu ya moshi hapa Naks, hata zile zinaacha wingu la bluu kutoka tauni mpaka Kaptembwo. Kwani Ulaya wanapima moshi ya pikipiki na nini? Halafu tangu lini Ulaya ikaanza kuomba Njoro pesa, si hii kitu ilikuwa inaenda ile njia ingine.

Webuye_Rider

Hiyo ya mwisho imenimaliza 😂😂 Hapa kwetu sailensa ikitoboka unapelekea jamaa wa kuchomelea, mia mbili, anapiga kiraka maisha inaendelea. Elfu 60 si hiyo ni dipositi ya nduthi mpya kwa mkopo na chenji ya kununua gumbuti. Mtoto anataka simu huyo.

Luhya_Majuu

@Naks pole na shangazi lakini hampigwi. Mimi ni wa Kakamega, upande wa Lurambi, niko Ujerumani mwaka wa sita na nina pikipiki, na mimi mwenyewe nilishikwa na hii mambo kwa hivyo wacha nieleze pole pole.

Huku pikipiki inapimwa kila miezi 24. Watu huita TÜV hata kama aliyepima ni kampuni ingine, vile sisi kila sabuni ya unga ni Omo. Ukipita unabandikwa stika ya duara kwa namba bleti ya nyuma, rangi yake hubadilika kila mwaka, na ile namba imekaa juu kabisa kwa hiyo duara ndio mwezi wako wa kurudi. Askari hana haja ya kukuuliza kitu, anachungulia matako ya pikipiki tu anajua. Ukichelewa kupita miezi 2 faini ni euro 15, ukipita miezi 8 ni 60 na pointi moja kwa leseni juu yake.

Moshi wanapima na mashine. Wanaingiza mrija kwa sailensa injini ikiwa moto, mashine inasoma kaboni monoksaidi ni asilimia ngapi. Na kitu wengi hawajui, hupimwi na sheria ya leo, unapimwa na ile ya wakati pikipiki iliandikishwa mara ya kwanza. Ya kabla ya 1989 haiguswi moshi kabisa. Ya kabureta bila katalitiki (kile kifaa cha kusafisha moshi), na nyingi za umri wa hiyo ya binamu yako ndizo hizo, inaruhusiwa mpaka 4.5. Za kisasa zenye katalitiki na sensa ya oksijeni ni 0.3 pekee. Sasa 4.5 ni nyingi sana bana, mtu akipita hapo jua kuna mkono ulipita kwa kabureta kabla yake.

Ya sailensa ndio inauma watu zaidi. Kelele ni shida lakini karatasi ni shida kubwa. Sailensa yoyote isiyo ya kampuni lazima iwe na alama ya E na namba zimegongwa kwa chuma chenyewe, ama uwe na kibali chake kwa karatasi, ama iandikwe kwa logibuku yako. Usipokuwa na hiyo, kibali cha pikipiki yote ndio kinakufa. Yaani unaendesha chuma tu. Logibuku ya huku iko na mpaka mstari wa kelele, U.1, imeandikwa desibeli ngapi ikiwa imesimama. Mwaka jana tulitoka watu wanne tukavuka Austria, kule Tirol kuna barabara za milima ambazo tangu 2020 msimu wa joto hawataki pikipiki iko juu ya 95 kwa huo mstari. Mmoja wetu yake imeandikwa 98, vile ilitoka kiwandani, hajawahi gusa hata nati, akaambiwa azunguke. Tulimngoja upande ule mwingine masaa mawili, chai ikaisha, akafika amenuna hatukuweza hata kumcheka.

Sasa mambo ya maana. Akifeli anapewa ripoti na mwezi mmoja wa kurekebisha, akirudi ndani ya huo mwezi analipa ada ndogo ya kurudia, mwezi ukiisha anaanza upya na kulipa yote. Na asinunue sailensa mpya kabisa!! Vijana wa huku wakinunua pikipiki hutoa ile ya kampuni ikiwa safi wanaweka ya kelele, hiyo ya kwanza inalala kwa gereji miaka, wanauza kwa mtandao ya vitu vya mkono wa pili. Ya GS500 akitafuta vizuri atapata kwa euro 80 mpaka 100. Mwambie atume picha ya ripoti, pande zote mbili.

FundiKondele

Omera mimi nimefurahi kuona hiyo 4.5. Niulize, wanapima ikiwa slo ama ukishika mafuta?

Luhya_Majuu

@FundiKondele ya kabureta ni ikiwa slo. Zile za katalitiki ndio unashika mafuta kidogo.

FundiKondele

Basi hapo iko wazi. Yule aliuza hiyo pikipiki aliweka sailensa ya wazi, injini ikapata hewa nyingi ikaanza kupiga makofi nyuma kila ukiachilia mafuta, akaona dawa ni kuongeza petroli. Ndio wote hufanya, hata hapa Kondele. Anaweka jeti kubwa, ile tundu ya kupitisha petroli kwa kabureta, na anafungua skrubu ya slo mpaka makofi yaishe. Makofi yameisha sawa, lakini petroli imezidi hewa, haiungui yote, na hiyo ndiyo kaboni monoksaidi hiyo mashine inasoma. Kwa slo mkosaji wa kwanza si jeti kubwa, ni ile ndogo na skrubu yake. Pikipiki nyingi kiwanda hufunika hiyo skrubu na kifuniko kidogo cha shaba, ukikuta kimetobolewa jua kuna fundi alishapita.

Atoe plagi aangalie. Ikiwa kahawia ya biskuti yuko sawa. Ikiwa nyeusi na masizi laini, ile inashika kidole kama tako la sufuria ya kuni, petroli imezidi. GS500 ni silinda mbili na kabureta mbili kwa hivyo aangalie zote, unaweza pata moja biskuti moja makaa. Jeti ziko na namba imechongwa kwa kichwa, ndogo sana, mimi hutumia kamera ya simu kuivuta. Wiki iliyopita nilifungua Boxer ya jamaa wa Nyamasaria, analia petroli inaisha kabla jioni, kumbe jeti ndani ni ya pikipiki ingine kabisa, ilishindiliwa na koleo mpaka nyuzi zimekufa. Na alikuwa ameambiwa ni "kutiuni".

Kitu ingine bure: air klina. Ikiziba na vumbi ni kama umeongeza petroli. Nyinyi watu wa Nakuru mnajua hii hata kama hamjui, mko juu mita kama 1,850, hewa ni nyepesi, sisi hapa ziwani tuko 1,100 na kitu. Nduthi iliyotengenezwa slo hapa Kisumu ukiipeleka Timboroa inakohoa kama mzee wa kiko. Hewa imepungua petroli ni ile ile.

Kwa hivyo hata akipata sailensa ya kampuni, asirudi kupimwa kabla kurudisha jeti za kampuni. Sailensa ya kufunga na jeti kubwa ndio itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Nyar_Milimani

Hapo fundi ametuliza maneno. Mimi naongeza tu kwamba msiseme "Ulaya" kana kwamba ni kaunti moja. Mume wangu yuko London na dada yangu Ufaransa na sheria zao hazijuani.

Uingereza pikipiki ikifika miaka 3 inapimwa kila mwaka, inaitwa MOT, ada haipiti pauni 29.65, na huwezi amini hawaingizi mrija wa moshi kwa pikipiki kabisa, hiyo ni ya magari. Lakini ukiingia London na pikipiki isiyofika Euro 3 (kiwango cha Ulaya cha moshi), nyingi ni za kabla ya Julai 2007, unalipa pauni 12.50 kwa siku. Kwa siku! Mume wangu alikuwa na skuta kuukuu ya kwenda kazini, Agosti 2023 mpaka wa hiyo kitu ukasukumwa ukafunika London nzima, mtaa wake ukiwemo, akaiuza wiki hiyo hiyo.

Ufaransa ndio kulikuwa na kivumbi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014 ilisema pikipiki za juu ya sisi 125 (cc, ukubwa wa injini) zianze kupimwa 2022, lakini ikaacha mlango, nchi ikionyesha ina njia ingine ya kupunguza ajali inaweza kataa. Uholanzi na Ireland hawapimi mpaka wa leo. Wafaransa nao waliandamana miaka, wana shirikisho lao jina lenyewe ni la wapanda pikipiki wenye hasira, siwachekeshi, wakajaza barabara. Serikali ikaahirisha, korti yao kuu ya mambo ya serikali ikakataa kuahirisha, ikaanza tarehe 15 Aprili 2024. Inapimwa ikiwa na miaka 5, halafu kila miaka 3. Na wao hawakuishia 125, hata skuta ya sisi 50 inaenda.

Tena Ufaransa walileta stika ya Crit'Air ya kuingia miji mikubwa na hata pikipiki ziliwekwa. Ujerumani wana stika yao ya mazingira ya kuingia mjini lakini pikipiki imesamehewa. Mpaka unavuka mto tu sheria imegeuka.

Luhya_Majuu

Ukweli dada. Na ushuru wa huku haujali moshi wa pikipiki, ni ukubwa wa injini tu, euro 1.84 kwa kila sisi 25. Hiyo GS500 ni sisi 487, ni kama euro 36 mwaka mzima. Kwa hivyo pikipiki ya zamani ni rahisi kuwa nayo, kazi ni kuiacha vile ilizaliwa.

Webuye_Rider

Sawa nimeelimika, narudisha maneno ya simu. Lakini naomba hii uzi isifike kwa wakubwa wa Nairobi. Hiyo mashine ya mrija ikiletwa hapa Webuye itakuwa ni kitoweo tu. Unasimamishwa, mrija haujaingia hata, unaulizwa "tunaongea aje". Na mwenye anaumia ni mimi niko na mkopo, si yule mwenye lori inatoa moshi kama kiwanda pale Panpaper zamani.

FundiKondele

@Webuye_Rider mimi naitaka. Nafanya kazi katikati ya hiyo moshi kutoka asubuhi, jioni nikipenga kamasi ni nyeusi. Sio lazima faini, hata kama ni kupima bure stejini mtu ajue yake iko wapi. Petroli yenyewe unayochoma bure si ni pesa yako. Yule wa Nyamasaria nilimrudishia jeti sawa jana amenipigia ati petroli sasa inalala kwa tenki.

Webuye_Rider

Bure stejini naikubali. Bure ya Kenya naijua pia.

Naks_wa_58

Nimerudi wakuu, asanteni sana. Ametuma ripoti. Nimepata mtu wa kunitafsiria: sailensa haina alama yoyote, moshi ilisoma 6.1, na kuna ya tatu ambayo hakutaja kwa grupu, tairi ya nyuma iko chini ya milimita 1.6. Shangazi ameona hiyo ya tairi akauliza kwani huko pia wanapanda vipara.

Nimempigia tukafanya vile fundi alisema, video, akatoa plagi moja moja mbele yangu. Kushoto biskuti. Kulia makaa, masizi laini matupu mpaka akaipangusa na soksi. Na kile kifuniko cha shaba upande wa kulia hakiko, kuna shimo tu. Fundi wa Kondele ni mganga, siongezi neno.

Sailensa ya kampuni amepata kwa mzee mmoja kijiji jirani, euro 90, iko na kutu kidogo kwa pembe lakini namba inasomeka. Tairi atatafuta. Amebakisha siku 17 za ule mwezi. Tumetoa elfu 25 badala ya 60 na shangazi ameshika ingine.

Nyar_Milimani

Hongera. Lakini hujatuambia, leseni ako nayo? Ile ya Kenya Ujerumani inakubalika miezi 6 tu tangu ahamie, baada ya hapo lazima afanye mtihani wao. Na wewe umesema alienda mwaka jana.

Naks_wa_58

Nimemuuliza saa hii. Ameona, tiki mbili za bluu.