Kutoa minofu ya samaki wa maji baridi: mkono hujifunzaje kazi hii?

Kisu Butu ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salamu. Naomba msaada wa wale wanaotoa minofu ya samaki mara kwa mara, hasa sato, sangara na kambale. Hatua zote nazifahamu kichwani, kwani nimezisoma na nimetazama video nyingi, lakini nikishika kisu mambo huwa mengine. Upande wa tumboni kisu hupita katikati ya mbavu badala ya kupita juu yake, kwenye uti wa mgongo hubaki nyama nyingi, na ngozi hunikatikia mkononi kabla haijafika nusu. Mtu akitazama video huuona mkono wa fundi ukiteleza kwa wepesi, ila haoni vidole vya fundi huyo vinahisi nini, na nadhani ujuzi wenyewe umejificha hapo.

Maswali yangu ni haya. Je, ni afadhali kujizoeza kwa samaki wadogo, ambao hasara yao ni ndogo, au kwa wakubwa? Je, samaki atolewe utumbo kwanza, au minofu itolewe akiwa hajapasuliwa? Na mtu asiye na mwalimu pembeni atajuaje kwamba anasonga mbele?

Mpaa Samaki amejibu:

Ndugu Kisu Butu, nianze na ukubwa wa samaki, kwa sababu wengi watakushauri kinyume na nitakavyosema. Achana na samaki wadogo. Mifupa ya sato mdogo ni laini kiasi kwamba kisu kikali huikata bila mkono kupata habari yoyote, nawe utadhani unapita juu ya mbavu kumbe ulishazikata zamani. Sato wa gramu 600 hadi kilo 1 ana mifupa migumu ya kutosha kukizuia kisu, na kile kizuizi unachokihisi mkononi ndicho unachotafuta. Tena kaa na aina moja ya samaki mpaka uizoee. Ukikata sato leo, kambale kesho na sangara keshokutwa, mkono hauna pa kulinganishia.

Kisu kiwe chembamba, chenye bapa linalopinda kidogo, urefu wa sentimita 15 hadi 18 kwa samaki wa ukubwa huo. Kinolewe kabla ya kazi na kiguswe tena kwenye jiwe baada ya samaki kadhaa, maana magamba na mifupa hula makali upesi. Sina la zaidi kuhusu visu. Watu hubishania visu kupita kiasi.

Jambo lenyewe ni umbo la mifupa. Samaki akiwa amelala ubavu, fuata safari ya kisu kutoka mgongoni kwenda tumboni. Kwanza kuna vijiti vya mfupa vinavyolishikilia pezi la mgongoni, vikiwa vimezama ndani ya nyama. Vikiisha hivyo, huanza miiba iliyoota kutoka kwenye uti wa mgongo. Vyote hivyo kwa pamoja ni ukuta bapa, na kisu hutakiwa kuulalia ukuta huo. Kisha kisu hufika kwenye uti wenyewe, ambao umejitokeza mfano wa tuta, kwa hiyo ncha lazima iinuliwe kidogo ivuke, halafu ishushwe tena upande wa pili. Baada ya tuta njia hugawanyika. Kuanzia tundu la haja kwenda mkiani, ukuta bapa unaendelea, na kisu kinaweza kushuka moja kwa moja hadi kitokeze chini. Lakini kuanzia tundu la haja kwenda kichwani, mbavu zimebinuka kwenda nje kulizunguka tumbo, na kisu kinachoendelea kunyooka mahali hapo hakina budi kuzikata. Kinapaswa kugeuzwa na kupandishwa juu ya mbavu. Kwa maelezo yako, tatizo lako la kwanza liko katika kona hiyo tu.

Sasa zoezi. Kata nyuma ya kichwa kwa mshazari, ukipita nyuma ya kifuniko cha matamvua na pezi la kifuani, mpaka kisu kiguse uti bila kuukata. Halafu fungua mstari kando ya pezi la mgongoni, kutoka kichwani hadi mkiani, kina kisizidi sentimita 1. Rudia mstari huo kwa mikato mirefu na myepesi, na kila mara uinue mnofu kwa kidole gumba cha mkono wa pili ili uone na usikie. Nikisema usikie, namaanisha hivyo hasa: ncha ikilala sawasawa juu ya miiba, hutoa mkwaruzo mdogo wa mfululizo, unaosikika kwa sikio na kuhisiwa kwenye mpini. Mkwaruzo ukinyamaza, kisu kimeacha mfupa na kinaingia nyamani. Kisu kikianza kukwamakwama, makali yameelekezwa chini mno na yanakata mfupa. Mwanzoni jitahidi kuulinda mkwaruzo huo peke yake, na hata mnofu ukitoka na kingo zilizochanika, usiupe uzito.

Kuhusu kujua kama unasonga mbele, ichunguze mifupa iliyobaki. Iinue mbele ya mwanga. Nyama ikiwa imebaki karibu na pezi la mgongoni, mkato wako wa kwanza ulikuwa mbali na pezi. Ikibaki ukanda mrefu kando ya uti, ncha haikuvuka tuta vizuri. Ikibaki nene juu ya mbavu, ulipanda juu mno, jambo ambalo kwa anayejifunza ni afadhali kuliko kuzikata. Kichwa na mifupa vinakwenda kwenye supu pamoja na nyama iliyobaki, hivyo hasara unayoiogopa ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Jiwe la Kunolea amejibu:

Nakubaliana na Mpaa Samaki katika mengi, ila swali la utumbo amelipita kimya. Mafundi wengi hutoa minofu bila kupasua tumbo, nao wana sababu: tumbo ambalo halijafunguliwa humfanya samaki atulie imara chini ya kisu, na uchafu wa ndani haugusi nyama. Hata hivyo, njia hiyo inamfaa mtu ambaye tayari anajua ncha ya kisu chake iko wapi wakati wote. Ncha ya anayejifunza hutoboa utumbo, au mbaya zaidi nyongo, na nyama iliyomwagikiwa nyongo huwa chungu hata ikioshwa. Kwa hiyo namshauri Kisu Butu, katika kipindi hiki, atoe utumbo kwanza, asuuze, amkaushe samaki kwa kitambaa safi, kisha kabla ya kukata aingize kidole tumboni na kuzipapasa mbavu kuanzia kwenye uti hadi zinapoishia. Kidole kikishajua mbavu zinaanzia wapi na zinabinuka kiasi gani, ile kona aliyoieleza mwenzangu haitamshtua tena.

Kuna jambo jingine ambalo video nyingi hazilitaji, nalo ni wakati wa kukata. Samaki aliyekufa sasa hivi ana misuli iliyolegea; baadaye hukakamaa mwili mzima, kisha hulegea tena. Urefu wa kila kipindi hutegemea aina ya samaki, jinsi alivyohangaika kabla ya kufa, na joto la mahali alipohifadhiwa. Mnofu unaotolewa kabla ya kukakamaa hujikunyata na kufupika, kwa sababu hauna tena mfupa wa kuuzuia. Samaki aliyekakamaa anasumbua zaidi: halali sawa juu ya ubao, na ukimnyoosha kwa nguvu, matabaka ya misuli huachana na mnofu hutoka na nyufa. Mlaze kwenye barafu, karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, mpaka alegee, ndipo uanze. Nashuku kwamba baadhi ya minofu iliyochanika, ambayo wanaojifunza hujilaumu kwayo, haikuchanwa na mkono hata kidogo.

Utelezi nao usipuuzwe, hasa kwa kambale. Msugue kwa chumvi, msuuze, mkaushe, na utandike kitambaa chenye unyevu chini ya ubao ili usisogee. Nusu ya nguvu ambayo mtu hupoteza kumshikilia samaki anayeteleza angeweza kuitumia kuhisi kisu.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Naongeza la usalama. Mkono unaoshika samaki uvae glavu ya kuzuia kukatwa, na makali ya kisu yaelekee mbali na mkono huo. Jihadharini pia na miiba: kambale ana mwiba mgumu katika kila pezi la kifuani, na sato na sangara wanayo kwenye pezi la mgongoni. Mchomo wa mwiba unaonekana kuwa jambo dogo, lakini katika miaka ya 1995 na 1996, jijini Toronto nchini Kanada, madaktari waliwatibu wagonjwa wenye maambukizi ya bakteria anayeitwa Streptococcus iniae, ambao walikuwa wametayarisha samaki wabichi wazima, hasa wa jamii ya sato, na baadhi yao walikumbuka kwamba walijichoma au kujikata mikononi walipokuwa wakifanya kazi hiyo. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, na wekundu au uvimbe ukianza kutambaa, mtu aende kwa daktari bila kungoja.

Tena msionje mnofu mbichi ili kupima ubora wake, kwa sababu samaki wa maji baridi wanaweza kubeba minyoo inayomwingia binadamu. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 huua minyoo hiyo, ila hakuui bakteria wote. Kuivisha mpaka katikati ya mnofu pafike nyuzi 63 ndiyo njia ya kutegemea.

Kisu Butu ameandika tena:

Nawashukuru sana. La mkwaruzo sikuwahi kulisoma popote, na jana nilikuwa nikivuta kisu kwa kasi mno kiasi cha kutousikia. Yamebaki mawili: ngozi, na vile vimifupa vidogo ambavyo hubaki kwenye sehemu nene ya mnofu hata pale ninapodhani nimekata vizuri. Pia ningependa kujua ni kiasi gani cha minofu kinachotarajiwa, ili nisijipime kwa kipimo kisichowezekana.

Mpaa Samaki amejibu:

Kwanza, ikiwa ngozi itatolewa, usimpare samaki magamba. Ngozi yenye magamba ni ngumu zaidi na haikatiki ovyo. Para ule mstari tu ambao kisu kitaingilia, ili makali yasiharibike. Laza mnofu ngozi ikiwa chini, mkia ukiwa upande wako, na ukate hadi kwenye ngozi ukiacha kipande cha sentimita 2 au 3 cha kushika. Hapo sasa, kisu kikae karibu kimetulia, kikilala karibu bapa na makali yakielekea chini kidogo, na mkono ulioshika ngozi ndio ufanye kazi: uivute kuelekea kwako huku ukiiyumbisha kushoto na kulia. Ngozi ikikatika, kisu kimesimama mno. Nyama ikibaki kwenye ngozi, kimelala mno au kimeinuka. Kipande cha kushika kikiteleza, tumia kitambaa kikavu.

Vimifupa unavyovisema viko kwenye theluthi ya mbele ya mnofu, kwenye mstari wa katikati, na haviko mahali pengine kwa sato. Pitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani utavihisi vikichoma. Kata upande mmoja wa mstari huo na upande wa pili, mikato ikutane chini yake, kisha utoe ukanda wote. Ukiwa hapo, ondoa pia ile nyama nyekundu iliyo chini ya ngozi, kwa kuwa mafuta yake huharibika mapema na ladha yake ni kali. Kwa ningu na karpu hesabu hiyo haifai: samaki hao wana miiba yenye umbo la Y iliyozama ndani ya misuli, na fundi mzuri naye huihangaikia. Wengi huikatakata kwa mikato ya karibukaribu, milimita chache kati ya mmoja na mwingine, ili miiba iwe vipande vidogo vinavyolainika katika mafuta ya moto. Usijipime kwa samaki hao kwa sasa.

Kuhusu kiasi, sato mzima hutoa minofu isiyo na ngozi ya takriban theluthi moja ya uzito wake: kilo 1 ya samaki itakupa gramu 300 hadi 350, na fundi hawezi kuipita sana kwa sababu kichwa cha sato ni kikubwa. Pima samaki kabla na minofu baada, lakini upime mnofu wa kila upande peke yake. Kwa kawaida wa pili huwa mwepesi zaidi, kwani samaki akigeuzwa hana tena mnofu wa chini wa kumwegemeza, mifupa inabonyea chini ya kisu, na mkwaruzo unapotea. Kwa upande huo punguza nguvu kabisa, ukunje kitambaa na kukiweka chini ya mifupa, na uanzie mkiani kwenda kichwani ukiona mkono wako unakaa vizuri zaidi hivyo. Tofauti ya uzito kati ya pande mbili ikishuka chini ya gramu 10, rudi kwa kambale.