Orodha za wanasayansi bora wa sayansi ya dunia: mbona majina hayafanani?

Jabali_Kuu
Habari wakuu. Kuna mhadhiri wa jiokemia yumo kwenye orodha ya Stanford ya asilimia 2 ya juu ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi, lakini kwenye ile ya kampuni ya Clarivate hayumo kabisa. Google Scholar inampa h (yaani makala h zenye nukuu h au zaidi kila moja) ya 34, kanzidata ya Scopus 25. Kamati ya kupandisha vyeo inataka maelezo. Hizi hesabu zinafanywaje hasa, na ifuatwe ipi?

Mchambua_Data
Mkuu, orodha hizo mbili zinapima vitu tofauti, kwa hiyo hazipingani.

Clarivate haianzi na h. Inatafuta makala zilizo kwenye asilimia 1 ya juu kwa kunukuliwa, kila makala ikishindanishwa na za fani ileile na mwaka uleule ndani ya kanzidata yake ya Web of Science, kwa kipindi cha miaka 11 hivi. Mtu ambaye kazi zake kubwa ni za miaka ya 1990 haingii kwa kazi hizo, hata kama bado zinanukuliwa kila wiki.

Ile ya Stanford, ya John Ioannidis na wenzake, inachukua data za Scopus na kujumlisha vipimo sita: jumla ya nukuu, h, hm, yaani h iliyopunguzwa kwa kuzingatia idadi ya waandishi, nukuu za makala alizoandika peke yake, za peke yake au akiwa wa kwanza, na za peke yake, wa kwanza au wa mwisho. Kila kipimo unakiongeza 1, unatafuta logi yake, unagawanya kwa logi ya kinara wa kipimo hicho (naye kaongezwa 1). Alama ya juu kabisa ni 6. Tuseme mtu ana nukuu 1,000 na kinara ana 50,000: 6.909 ÷ 10.820 = 0.64. Nukuu zikiwa 2,000 anapata 0.70 tu! Wingi wa nukuu peke yake haumfikishi mbali. Anayekaa katikati ya majina 40 kwenye kila makala, vile vipimo vitatu vya mwisho vinambakia sifuri, na kwenye hm kila makala yake inahesabiwa 0.025.

Jabali_Kuu
Nimekupata. Na hiyo 34 dhidi ya 25?

Bi_Zirkoni
Hilo ni la kawaida sana kwa wanajiolojia. Google Scholar inakusanya nukuu hata kutoka kwenye tasnifu, ripoti na mihtasari ya mikutano. Scopus inaishia kwenye majarida, vitabu na mikutano iliyoisajili. Ripoti za idara za jiolojia na maelezo ya ramani, ambazo ndizo tegemeo la watu wa uwandani, mara nyingi hazimo.

Ila kabla ya kuikubali 25, hakikisheni wasifu wake haujagawanyika. Tafuteni kwenye Scopus jina la ukoo kwa kila tahajia, kisha majina yakiwa yamegeuzwa, maana majarida huchukua jina la baba kama la ukoo leo, la babu kesho. Mkikuta wasifu mbili, aombe ziunganishwe, halafu afungamanishe ORCID yake, ile namba ya utambulisho ya mtafiti. Kwenye Google Scholar tatizo ni kinyume: inambandikia makala za mtu mwingine mwenye herufi zilezile za mwanzo. Zipangeni kwa wingi wa nukuu na mkague zile 40 za juu. Zilizo chini sana ya mstari wa h hazibadilishi kitu. Nukuu zikiwa 90, 41, 22, 9, 6, 5, 3, h ni 5, kwa sababu makala ya sita ina nukuu 5 tu.

Mvua_za_Vuli
Naongezea kuhusu tanzu, hapo ndipo kamati nyingi zinapoumia. Makala ya Kalnay na wenzake ya 1996 inanukuliwa na yeyote anayetumia data za angahewa walizozitengeneza. Ya Sun na McDonough ya 1989 inanukuliwa kwa jedwali la thamani za kondriti (aina ya vimondo) na mantli ya awali (tabaka la chini ya ukoko wa Dunia lilivyokuwa mwanzoni), ambalo wanajiokemia hulitumia kuchora michoro ya elementi adimu. Mchora ramani za miamba hana bahati hiyo, hata awe hodari vipi. Msiweke mtu wa hali ya hewa na mwanastratigrafia (mtaalamu wa matabaka ya miamba) kwenye mizani moja ya h.

Orodha ya Stanford inajaribu kulirekebisha hilo: ukikosa kuwa kati ya 100,000 wa juu wa fani zote, unaingia ukiwa ndani ya asilimia 2 ya utanzu wako. Lakini mgawanyo wake nao una vituko. Paleontolojia imewekwa pamoja na historia na akiolojia, na jiolojia ya uhandisi iko upande wa uhandisi. Msipomwona mtu, angalieni huko.

Halafu muulizeni yumo kwenye faili lipi, la maisha yote ya kazi au la mwaka mmoja. La mwaka mmoja linahesabu nukuu alizopata mwaka huo tu, na mtu anaweza kutoka mwaka unaofuata. Safu za pamoja na kujinukuu na bila kujinukuu zote zipo. Nafasi ikishuka vibaya bila kujinukuu, kamati iulize. Kwenye barua andikeni h, jina la kanzidata na tarehe mliyoangalia.