Mrejesho: babu yetu aliyepotelea Kwale

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kama ni kweli Wamakonde wa Kenya walipata vitambulisho kwa kutembea kwa miguu, maana babu mdogo alitoka Newala kwenda kukata mkonge Kwale, pwani ya Kenya, na hakurudi. Asante sana aliyenielekeza kwa mzee mchonga mpingo hapa Dodoma, karibu na soko la Majengo.

Ni kweli kabisa. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu, Nairobi. Rais Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya.

Kilichoniuma ni miaka ya kabla ya hapo. Wazee walifika enzi za mkoloni, wakavuja jasho kwenye mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana hukohuko. Uhuru ukaja 1963, wao wakabaki wageni. Bila kipande (Wakenya ndivyo wanavyokiita) husajili laini, hufungui akaunti, hupigi kura. Wengine walijiandikisha kama Wadigo ili mambo yaende. Mmakonde ajiite Mdigo! Mzee alicheka, kisha akanyamaza, akaendelea kugonga patasi.

Binamu nimempata kwa simu. Laini anayotumia imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Babu alifariki 2009, hakuwahi kukishika hicho kipande.

Nauli naidunduliza, nitapitia Horohoro. Aliyepita mpaka ule karibuni aniambie hali ikoje.