Tupeane uzoefu: sinema za vichekesho za kambi ya kiangazi, mlizitazama na nani?

Habari za jioni wadau. Leo naomba tukumbushane zile sinema za Kimarekani za watoto waliopelekwa kambini likizo ya kiangazi. Ziwa, vibanda vya mbao, filimbi asubuhi, halafu vurugu mwanzo mwisho: huyu kateleza, yule kamwagiwa, mwingine katumbukia majini na viatu. Hazijawahi kunichosha, na naona zinadharauliwa bure.

Naanza mimi. Nyumbani Morogoro tulikuwa na deki moja na mikanda michache, mmojawapo The Parent Trap ya mwaka 1998, ile ambayo Lindsay Lohan anacheza mapacha wote wawili, Hallie na Annie, waliotenganishwa wakiwa wachanga, wakaja kukutana kambini kama maadui bila kujua kuwa ni ndugu. Bibi mzaa mama hakujua Kiingereza hata neno. Basi Hallie na wenzake wanatega kibanda cha akina Annie, kamba zimepita kila upande, na asubuhi anayekuja kukagua ni mkuu wa kambi mwenyewe. Bibi alianza kucheka kabla mlango haujafunguliwa. "Usiingie mama, usiingie!" Mama wa watu akaingia, akamwagikiwa, akateleza mpaka katikati ya chumba, manyoya yakamganda mwili mzima. Bibi akajifuta machozi kwa pindo la khanga, akasema, "Rudisha pale." Tulirudisha mara nne.

Utamu wake naujua uko wapi. Sisi tumeshaona mtego ulivyo, asiyejua ni yule anayeshika kitasa tu. Bibi alikuwa akitusimulia Sungura anavyomtega Fisi tangu hatujaanza shule, na kicheko chake mbele ya televisheni kilikuwa kile kile. Halafu hakukuwa na mahali pa kumfanya mjomba akohoe na kuanza kutafuta rimoti. Tuliketi wote mkekani, wakubwa kwa wadogo, mpaka mwisho.

Haya, karibuni. Nyinyi je?

Mdau wa Nyeri:
Watu wa bweni mko wapi? Yangu ni Heavyweights ya 1995, wavulana wanene waliopelekwa kambi ya kupunguza uzito, halafu Ben Stiller anaingia kama mmiliki mpya na kuwageuzia likizo kuwa mateso. Walivyoficha peremende na vyakula kibandani, nilijiona mimi kabisa. Kidato cha kwanza nilikuwa na avokado tatu nazivivisha ndani ya sanduku la bati, nimezifunga kwa soksi. Kila usiku naingiza mkono gizani, nabonyeza moja moja kujua kama imelainika. Matroni alizikuta siku moja kabla sijazila. Zilikuwa zimeiva barabara.

Kwa hiyo wale watoto walipomgeukia mkubwa wao na kumfungia, nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Bwenini kwetu ungeguna tu, ungechapwa. Mle ndani mkubwa anaanguka, watoto wanacheka, na kesho jua linachomoza kama kawaida. Mtoto aliyelala njaa bwenini anaihitaji sana picha hiyo.

Mdau wa Tanga:
Mimi nimekulia kwa vichekesho vya marehemu King Majuto, kwa hiyo mtu akiniambia kuanguka ni ujinga tunagombana. Kuanguka ni ufundi. Mtazameni Jim Varney kwenye Ernest Goes to Camp ya 1987. Ernest alianza kama mhusika wa matangazo ya televisheni, na humu ni fundi wa matengenezo pale kambini ambaye ndoto yake ni kuwa mlezi wa watoto. Anakabidhiwa kundi ambalo hakuna anayelitaka, vijana waliotoka kizuizini. Uso wake tu unatosha, kila msuli una kazi yake. Na wale kobe wanaoshushwa kwa miavuli kuwavamia adui! Nilikuwa darasa la nne, nililala chini kwa kucheka.

Lakini mnakumbuka anapoimba peke yake kwenye mvua, kila kitu kimemharibikia? Banda zima la video lilinyamaza, watu arobaini na kitu, hata muuza karanga. Majuto naye alikuwa nayo hiyo: umecheka wee, ghafla unamwonea huruma mzee wa watu.

Mdau wa Mwanza:
Naunga mkono, ila wazazi kaeni karibu. Mdogo wangu alijaribu ule mtego wa Hallie, akamwaga mafuta ya kupikia kwenye sakafu ya saruji. Aliyepita ni shangazi. Aliteguka kifundo cha mguu, wiki tatu hakwenda sokoni. Sinemani mtu anaanguka mara kumi, anapangusa sketi. Mtoto wa miaka saba hilo halijui, mwambieni mapema.

Mdau aliyeko Ohio:
Nimesoma zote, naomba niseme la kwangu. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania. Kwetu neno kambi ni foleni ya mgao, ni hema, ni jina lako kwenye orodha. Mwaka huu mwanangu wa miaka kumi akaleta karatasi ya shule: wiki moja kambini, kando ya ziwa. Nikasema hapana. Sikumweleza sababu. Ningeanzia wapi?

Yeye akanitafutia The Parent Trap, akanikalisha. "Mama, kambi ni hii." Nilikaa nimekunja mikono. Lile la manyoya nilicheka kidogo. Kilichonifungua ni baada ya pale, wale wasichana wamefungiwa kibanda cha peke yao kwa adhabu, upepo unaingia dirishani unapeperusha picha, na adui anainuka kumsaidia adui kufunga dirisha. Baadaye kila mmoja anatoa nusu ya picha iliyochanika, mmoja ana mama, mwingine ana baba. Nililia, na mwanangu akafikiri nimechukia. Nikamwambia sikuchukia, na usiku ule ndiyo mara ya kwanza nilimsimulia Nyarugusu. Hadi saa sita tulikuwa macho.

Nimetia sahihi. Wametupa orodha ya vitu: tochi, dawa ya mbu, kila nguo iandikwe jina. Nimeandika jina lake mpaka kwenye soksi. Anaondoka kesho. Nitawaambia akirudi.

Mwanzisha uzi:
Dada, nimesoma mara mbili. Nilisahau kusema, bibi naye alilia kwenye zile picha. Kiingereza hajui, lakini nusu na nusu alizielewa. Alikuwa na pacha wake aliyefariki wakiwa wadogo, na sisi wajukuu siku hiyo ndiyo tulilijua jina lake.

Kwangu ndiyo maana sikubali watu waseme ni vurugu tupu. Bila ile ndoo na ule utelezi sakafuni, wale wasichana wasingefungiwa pamoja, na zile picha zisingekutana.

Mdau wa Nyeri:
Dada tunakusubiri.

Mdau aliyeko Ohio:
Nimerudi kama nilivyoahidi. Amefika salama. Begi zima lina harufu ya moshi wa kuni, nimelifungua nikasimama nalo kwanza, maana harufu hiyo naijua. Soksi tatu hazina wenzake. Anasema alitumbukia ziwani na viatu mbele ya kibanda kizima, mlezi akamfuata kumtoa, naye akatumbukia. Ameisimulia tangu mlangoni, akafika pa mlezi akashindwa kumaliza kwa kucheka. Nikamwambia rudia pale.