Wauzaji wa madukani Arusha na Moshi: viuno, magoti, mabega. Tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Nauza kwenye duka la jumla maeneo ya Kilombero, Arusha. Jioni kiuno kinawaka, miguu imevimba mpaka soksi zinaacha alama. Nikilalamika naambiwa, "Wewe si unafanya mazoezi kutwa, umesimama?" Nakataa. Ukisimama palepale, mashavu ya miguu hayasukumi damu kurudi juu kama unapotembea. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukuongezea pumzi, na mazoezi ya nguvu siku 2. Kutoka kaunta hadi stoo nani anahema? Siku hizi nashuka kwenye daladala mapema nitembee, na uvimbe umepungua. Wengine mnafanyaje?

Muuza mitumba, Memorial, Moshi: Pole mkuu. Kwangu ni bega, magauni natundika juu ya kichwa tangu asubuhi. Nimeshusha kamba usawa wa macho. Wateja wanainama kidogo, ila usiku nalalia ubavu ule bila shida.

Dada wa supamaketi, Arusha: Mimi mwembamba, mizani inanisifu, na mgongo unaniua vilevile. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) alinieleza kuwa mizani haitenganishi mafuta na misuli. Unaweza kuwa na kilo za kawaida na misuli ya tumbo na mgongo ikawa legelege. Alinipa zoezi la kulala chali, magoti juu, nainua makalio taratibu. Linasaidia kweli. Ila bosi hataki kuona kiti kaunta, anasema mteja atatuona wavivu. Inauma sana.

Muuza nafaka, Mbuyuni, Moshi: Nina mwili mkubwa na magoti yamesagika. Niliambiwa kila kilo 1 ninayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo 4 kila hatua. Hapo ndipo nikapunguza soda na chapati. Mfuko wa kilo 50 sasa tunashika wawili. Na jamani, ganzi ikishuka mguuni au mkojo ukagoma au kutoka wenyewe, usisubiri kuchuliwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye mada, Kilombero: Asanteni sana. Dada wa supamaketi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau dakika 60 za mapumziko ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Aliyewahi kumshawishi bosi mpaka akaweka viti, atueleze alimwambiaje.